Miche Sitini ya Mzee Mathews

Nyumba ya Masista, Timboroa
3 Machi 2024

Kwa Kukhu Nabututu,

Nakusalimu kwa heshima, Kukhu. Mimi ni mzima, ila vidole. Huku juu baridi haina adabu, asubuhi tunavunja barafu kwenye maji ya kuku kabla hatujaenda kusali. Shantel alipopiga simu ya ofisi wakati wa Krismasi aliniambia magoti yanakusumbua na bado unachota maji ya nasari ya miche mwenyewe. Mwambie huyo binamu yangu akusaidie. Kucha zake hazitakatika zote siku moja.

Sisi tulio kwenye mafunzo ya usista haturuhusiwi kuwa na simu, ndiyo maana naandika. Mwezi wa kwanza nilipewa bustani, kwa sababu waliona kwenye makaratasi yangu kwamba nilisomea kilimo Maseno. Sista Nasipwondi, mkubwa wa shamba letu, amepanda machungwa mara tatu, na mara tatu barafu ya alfajiri imeyaunguza kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Watoto wa shule yetu hawajui tunda ila viazi. Nikamwambia kuna mti najua unavumilia. Ni chungwa chungu, lile la Mzee Harbans aliyetupa kiwanja cha nasari, ambalo tulikuwa tunapanda mbegu zake kupata mashina ya kupandikizia. Unakumbuka mzee alisema mjomba wake alikuwa nalo Molo, na baridi ililikunja majani tu likaamka tena. Tukiotesha mashina hayo hapa hapa kwenye baridi, yatakayopona tutayapandikizia macho, vile vichipukizi vya chungwa tamu.

Naomba mbegu, Kukhu. Kama mti wa Mzee Harbans haupo tena, kuna mingine. Wewe unajua iko kwa nani.

Na Okinyi, fundi wetu wa kupandikiza, yuko wapi siku hizi?

Mjukuu wako,
Nanyama


Kibos, Kisumu
24 Machi 2024

Nanyama,

Salamu. Sisi tuko. Barua yako imelala siku tisa kwa mkoba wa Shantel kwa sababu aliichukua posta akapitia soko la Kibuye kufungua mtumba wake wa nguo, akasahau kwamba duniani kuna watu wengine. Kuku watatu wamekufa. Choo kilianguka na mvua, kimejengwa tena, sasa kinasimama wima kuliko yule fundi aliyekijenga. Magoti ni yangu, usiyaandike kwa barua.

Naandika mwenyewe kwa penseli. Nilifika darasa la tatu nikatolewa niende kulea watoto wa watu, lakini sijawahi kumwomba mtu anishikie mkono. Mahali nimekosea, soma hivyo hivyo.

Sijafurahi bado, usidhani nimefurahi. Babu yako alibeba mawe ya kanisa letu la Friends kwa kichwa chake, na wewe umeenda kujifunga kitambaa kwa Wakatoliki. Watu wananiuliza, mjukuu wako ameolewa wapi? Nawaambia ameolewa mahali pa baridi.

Sasa mbegu. Mti wa Mzee Harbans haupo. Mzee alipozikwa, Baldev mtoto wake aliukata akajenga nyumba za kupangisha, ghorofa nne, na mimi akaniachia kipande cha nasari pale mtoni kwa heshima ya babake. Lakini mbegu nimepata, hizi hapa. Usiniulize nimetoa wapi.

Mbegu ya chungwa si mahindi, ukiiacha ikauke imekufa. Ioshe mpaka ule utelezi uishe. Izike kina cha kucha ya kidole, si cha kaburi. Weka pahali pana joto la jiko. Mbegu moja itatoa miche miwili, hata mitatu. Ile yenye nguvu inayofanana yote ni mama mwenyewe amejirudia. Kale kadhaifu kenye sura yake ndiko kametoka kwa mama na baba. Mimi hung'oa hako, mteja hataki vitu vya ajabu. Lakini wewe huko kwa barafu acha tumoja tumoja, pengine baba alikuwa mgumu.

Okinyi yuko. Mambo ya watu wazima usiulize.

Ni mimi nyanya yako,
Nabututu


Timboroa
16 Juni 2024

Kukhu mpendwa,

Natumaini mvua imepungua na kuku waliobaki wanataga. Mimi nimepona mafua. Sista Nasipwondi amenishonea soksi, moja ndefu kuliko nyingine, na ananiuliza kila siku kama zinanikaa vizuri. Nasema ndiyo. Nimeanza kusema uongo kwenye nyumba ya Mungu kwa ajili ya soksi.

Mbegu ziliota, arobaini na moja. Zilipotoa majani nilijua. Jani la chungwa chungu lina bawa pana kwenye kikonyo chake, wewe ndiye uliyenionyesha nikiwa bado sijui kusoma. Haya hayakuwa na bawa. Nilisugua moja, likanuka limau. Kukhu, ulinitumia malimau ya sokoni. Tarehe nane barafu ilikuja ikayamaliza yote usiku mmoja. Asubuhi yalikuwa meusi.

Siyalilii malimau. Nauliza kwa nini mtu aliyepanda mbegu miaka thelathini atume mbegu za Kibuye kwa mjukuu wake, na jibu nalijua. Kwa sababu chungwa chungu limebaki mahali pamoja tu, shambani kwa Mzee Mathews Wechuli, nyuma ya Maseno. Na wewe hutaki kwenda kwa Mzee Mathews.

Acha niandike mara moja, kisha sitarudia. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Okinyi alikuwa Siaya miezi miwili akimwuguza mamake mpaka akamzika. Macho matamu aliyokuwa amepandikiza yalikauka yote kwa kiangazi. Lori la Mzee Mathews lilikuwa linakuja Jumamosi kuchukua miche sitini ya machungwa matamu. Ukaniletea miche ambayo haijaguswa na kisu, chungwa chungu tupu, ukaniambia niifunge nailoni kwenye shina kama iliyopandikizwa. Nilifunga sitini. Ulisema tutambadilishia msimu ujao. Msimu ukaja ukapita.

Ilichukua miaka saba kuzaa. Mzee Mathews alipoonja, alisimama kwenye mkutano wa kanisa akasema Okinyi ana mkono mchungu. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyempa Okinyi mche aukate. Mimi na wewe tulikuwa tumeketi benchi la tatu.

Desemba nitaulizwa mbele ya madhabahu kama kuna mtu nimemdhulumu. Nilianza kumwandikia Okinyi mara mbili. Nikachana, kwa sababu barua yangu ingemfikia kabla yako. Vidole vilikuwa vyangu. Neno lilikuwa lako.

Nanyama


Kibos
14 Julai 2024

Nanyama,

Tuko wazima.

Mimi sifundishwi dini na mtoto niliyemfuta kamasi. Nilikusomesha kwa miche hiyo hiyo. Wewe unajua nini? Unajua kusimama mbele ya mteja na kumwambia nasari ya Nabututu imeshindwa? Wanaume wa Kibos walikuwa wananicheka, mwanamke Mbukusu anauza miti katikati ya Wajaluo na Wahindi, ataweza? Nikaweza. Sikuwahi kukosa ahadi hata moja. Nilipoona yale macho yamekauka nilihesabu siku, nikaona Jumamosi inakuja, na mimi sina neno la kusema "sina." Sikufundishwa neno hilo.

Ungeniambia tu malimau yamekufa, ningetuma mengine.

Magoti hayawezi kupanda kile kilima cha Maseno. Usiandike tena habari hiyo. Andika kama unakula.

N.


Kibos
25 Agosti 2024

Mjukuu wangu Nanyama,

Nakusalimu. Hujajibu, na mimi nilikuambia usiandike, kwa hivyo hakuna wa kulaumiwa. Shantel ana mchumba, kijana wa kutengeneza friji, anakula kama moto. Amepaka nyumba rangi bila kuombwa, bado namchunguza.

Nimeenda Maseno.

Nilimlipa mwenye boda anipeleke mpaka mlangoni ili nisipate muda wa kugeuka njiani. Mzee Mathews amezeeka, Nanyama. Meno ya mbele hayapo. Alinishika mikono miwili akaita mkewe, "Njoo uone, Mama wa miche amekumbuka wateja wake." Nikaketishwa kwa kiti chenye kitambaa. Chai, mkate, yai. Nikasema natafuta machungwa machungu ya mbegu, mjukuu anataka kujaribu mahali pa baridi.

Akacheka. "Umekuja kwenye duka lenyewe. Ukitaka uchungu, mimi ndiye jumla." Akanipeleka nyuma. Alikuwa amekata. Nilitembea katikati ya visiki nikivihesabu bila kutaka, mistari sita, kumi kumi, kasoro kimoja. Ameacha mti mmoja tu, karibu na zizi, kwa sababu ng'ombe wanajikuna hapo. Umejaa matunda ajabu, makubwa, mekundu, hakuna anayeyala. Alipanda pale kwa pesa zake za kustaafu reli akitegemea azeekee kwenye kivuli cha machungwa. Sasa anauza maziwa.

Akaniambia, "Lakini sikulaumu wewe, Mama. Wewe ulipewa mfanyakazi mbaya. Mtu unamwamini kisu, kumbe mkono wake una laana."

Mdomo wangu ulikuwa wazi. Naapa ulikuwa wazi. Mkewe akaja na gunia akauliza nataka mangapi. Nikasema ishirini.

Nikarudi na gunia. Chai ya watu ilikuwa tumboni mwangu na yale maneno juu yake. Nilitapika nikiwa bado kwa boda, yule kijana akasema mama una malaria, nikasema ndiyo.

Hizi ndizo mbegu. Nimezitoa leo, nimezifunga kwa kitambaa kimelowa na karatasi ya mkate. Zipande haraka, hizi ni za kweli. Na mimi nimefanya nilichoweza.

Kukhu wako


Timboroa
8 Septemba 2024

Kukhu,

Pole kwa magoti na kwa safari. Nimefurahi kuhusu Shantel, mwambie asubiri aone kama huyo kijana anaweza pia kutengeneza friji yake mwenyewe.

Mbegu zimefika zikiwa na unyevu, nzima, mia mbili na zaidi. Sista Nasipwondi amechimba sehemu tayari na kuchanganya mchanga na samadi.

Sijazipanda. Nimeziweka kwenye friji ya jikoni, kati ya maziwa na hamira. Zitakaa hapo miezi michache, baada ya hapo zitaanza kuoza, wewe unajua hesabu hiyo kunishinda. Sista ananiuliza tunangoja nini. Nimemwambia tunangoja ruhusa ya mwenye miti.

Si kukuadhibu, Kukhu. Kila nikichukua moja mkononi naona lile benchi, na Okinyi amesimama pale mbele na kofia yake mkononi, hajibu kitu. Sijui mpaka leo kwa nini hakujibu. Alikuwa anajua hakuipandikiza ile miche. Angesema tu hakuwepo.

Nakuombea.
Nanyama


Kibos
27 Oktoba 2024

Nanyama mjukuu wangu,

Pokea salamu zangu zote, na za Shantel, na za yule kijana ambaye sasa analala akiketi kwangu kama mtu wa nyumbani. Mvua ndogo imekuja. Nasari imeshika maji. Hii barua nimeiandika siku nne na nimevunja penseli, kwa hivyo ketini nayo vizuri, wewe na huyo Mungu wako wa baridi.

Uliniuliza kwa nini Okinyi hakujibu. Mimi nilijua kwa nini. Nilijua miaka yote. Hilo ndilo jambo sikukuandikia, na nilikuwa naomba usiulize.

Aliporudi kutoka matanga ya mamake, alikuta yale macho yake yamekauka na miche sitini imeenda. Akaniuliza, "Mama, ni nani amepandikiza ile imebebwa?" Nikamwambia ni wewe. Nikasema, "Nanyama. Si ulimfundisha? Ana mkono kukushinda." Alifurahi, Nanyama. Mtu ametoka kuzika mama, akafurahi. Akaenda kukununulia kile kisu kidogo cha kukunja, ukadhani ni zawadi tu.

Sasa umejua. Nilikuuza wewe.

Nilienda Muhoroni, kwenye kiwanda cha sukari anakofanya kazi Okinyi sasa, Alhamisi ya pili ya mwezi huu. Kuna foleni ya matrekta nje ya kiwanda, miwa mpaka mbinguni, na yeye kazi yake ni kupanda juu kukaza minyororo. Nilimwona kabla hajaniona. Amekuwa mwembamba, ndevu nyeupe. Akashuka.

"Mama Nabututu. Umekuja kununua miwa? Hapa hatuuzi kwa mche."

Nikasema nimekuja kuongea.

"Ongea. Foleni haisongi mpaka saa nane."

Nikaketi kwa jiwe. Nikaanza na mvua. Nikaenda kwa afya. Akaniacha nizunguke, halafu akasema, "Mama, kama ni ile ya Mzee Mathews, mimi nilijua zamani. Nilipita kwake mwaka ule ule kumkagulia, nikafungua nailoni ya mche mmoja. Shina laini kama mguu wa mtoto. Hakuna hata alama ya kisu. Nikafunga tena."

Nikamwuliza, na hukusema?

"Niseme nini? Nilijua mtoto aliogopa kisu akaficha. Nani hajaficha kitu na miaka kumi na minne? Nikajiambia mimi ndiye mwalimu wake, ningemwangalia. Na siku ile kanisani alikuwa anasomea mambo hayo hayo ya miti, hapo Maseno. Nikisema ni yeye, nani atampa kazi? Mimi nilikuwa nimekwisha kula miaka yangu."

Alisema hivyo akiangalia matrekta. Hakusema kama mtu anayetaka kusifiwa.

Nanyama, mimi nimezika mume na watoto wawili. Sijawahi kuketi kwa jiwe gumu kama lile. Nikamwambia yote. Kwamba mtoto hakuogopa kisu, hakupewa kisu. Kwamba mkono ulikuwa wako na mimi ndiye niliyeusukuma, kisha nikakutaja. Nilimwambia kwa Kiswahili, halafu nikamwambia tena kwa Kijaluo changu kibovu ili isije ikawa hakuelewa.

Saa nane ikafika, trekta ya mbele ikasonga na wenye nyuma wakaanza kupiga honi. Akapanda, akakaza minyororo, akashuka. Akasema, "Jumapili niko mapumziko. Utamwambia Mathews na mimi nikiwa hapo. Si kwa chai. Pale pale aliponisema."

Nikasema kanisa lile lina watu wengi.

"Walikuwa wengi pia siku ile."

Basi Jumapili nikasimama. Sikwenda mbele, magoti, nilisimama kwa benchi nikishika lile la mbele. Pasta alidhani nataka kutoa ushuhuda wa uponyaji akasema amina kabla sijaanza. Nikasema jina langu, ingawa wananijua. Nikasema miche ilikuwa sitini, haikupandikizwa, niliijua haikupandikizwa, Okinyi hakuwepo, na mjukuu wangu alitii tu. Maneno hayakuwa marefu. Nilidhani yatakuwa marefu.

Mzee Mathews hakunitukana. Ningependa angenitukana. Aliinuka akachukua kofia yake na mkewe akamfuata na Biblia, wakatoka. Mlangoni alisimama mbele ya Okinyi, akampa mkono. Okinyi akaupokea. Mimi akanipita kama nguzo.

Kina mama wa kanisa wamenivua kofia ya mwenyekiti. Walikuja nyumbani watatu kuniambia kwa upole, na nikawapa soda. Hapa Kibos wale wanaume wamepata walichongoja. Wacheke. Wateja wawili wamerudisha miche wanataka nifungue nailoni waone. Nimefungua. Nitakuwa nafungua mpaka nife.

Tulipotoka kanisani nilimfuata Okinyi mpaka barabarani. Nikamwambia, nisamehe. Neno hilo pia sikuwa nimefundishwa, nilivyolisema lilitoka kama amri. Akaniangalia, akasema bila hasira, "Mama, mimi nilikuwa nimemsamehe mtoto. Miaka tisa nimekuwa nikimsamehe mtoto, kwanza kila nikishika kisu, sasa kila nikifunga mnyororo. Sasa unaniambia hakuwa na kosa. Wewe sijaanza."

Nikamwomba arudi nasari, achukue kisu, aichukue hata nasari yenyewe akitaka. Akasema Jumamosi ya kwanza ya Novemba atapita aone mashina kama yanafaa, kwa sababu miti haijamkosea. Lakini kwangu hatakula.

Mwandikie sasa. Yeye anastahili barua yako kuliko mimi. Mwambie kile kisu bado unacho, kama unacho. Mimi usiniandikie mpaka utakapokuwa tayari, sitauliza posta. Za kwenye friji ni juu yako na Sista wako. Mwenye miti ni Mzee Mathews, si mimi, na ruhusa yake sikuweza kuipata.

Leo ni Jumapili, imebaki siku sita. Nimemwambia Shantel Jumamosi aende Kibuye alfajiri anitafutie omena mbichi ya kutoka ziwani siku hiyo hiyo, anavyopenda Okinyi, na ukwaju. Alisema hatakula. Nitapika hata hivyo.

Nabututu